Kwetu Hatukuwa na Watumwa

Mgeni alisimama ukingoni mwa shimo pale Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, akawatazama wale watu wa mawe waliofungwa minyororo shingoni, akanyamaza. Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, kwa hiyo kimya cha mahali pale nimekizoea, na huwa sikivunji. Alikuwa mzee wa umri wa babu yangu, mpole, msikivu, aina ya mgeni anayeuliza swali kisha akasubiri jibu. Mwishowe akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaniambia taratibu: "Mimi natoka Massachusetts. Kwetu hatukuwa na watumwa. Sisi tulikuwa upande wa uhuru."

Hakuwa anajisifu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefika msibani asijue amwambie nini mfiwa.

Nikaitikia kwa kichwa, tukaingia kanisani.

Na alichosema ni kweli. Mahakama za Massachusetts ziliubomoa utumwa mwanzoni mwa miaka ya 1780, na sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo hilo. Wakati huo huku kwetu mashamba ya karafuu hayajapandwa bado. Basi kwa nini maneno ya mzee yule yalinikaa rohoni wiki baada ya wiki? Kila nikipita Mkunazini nayasikia. Usiku nikawa nasoma, mpaka nikajikuta nimezama katika mji mmoja na mwezi mmoja: Boston, Massachusetts, Mei 1854.

Kijana wa duka la nguo kuukuu

Anthony Burns alikuwa na miaka kama 20. Alitoroka Richmond, Virginia, akiwa amejificha ndani ya meli, akafika Boston na kupata kazi katika duka la nguo kuukuu la Coffin Pitts, mtu mweusi mwenzake. Kilichomponza ni mapenzi ya ndugu. Alimwandikia kaka yake aliyebaki utumwani, barua ikaangukia mikononi mwa mabwana, na bwana wake, Charles Suttle, akajua pa kumtafuta.

Jioni ya tarehe 24 Mei alikamatwa njiani akitoka kazini. Walimwambia ameiba katika duka la vito. Ulikuwa uongo wa kumfikisha mahakamani bila watu kushtuka. Ndani akamkuta Suttle, ambaye alimwinamia kwa kejeli na kumwita "Mister Burns".

Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850 ndiyo iliyomruhusu Suttle kumfuata mtu wake mpaka ndani ya jimbo huru, yaani lisiloruhusu utumwa. Ilisema kwamba raia yeyote, popote, anaweza kuamriwa asaidie kumkamata mtoro. Anayemsaidia mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita. Mtoro mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi. Na kamishna aliyesikiliza shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia.

Nilivisoma viwango hivyo mara kadhaa.

Usiku wa tarehe 26, kundi la watu weusi kwa weupe lilivunja mlango wa mahakama kwa boriti. Mlinzi mmoja, James Batchelder, akauawa, na washambuliaji wakarudishwa nyuma. Kesho yake Mchungaji Leonard Grimes, wa kanisa la Wabaptisti weusi, alizunguka mji mzima akichangisha pesa za kumnunua Burns, na kufikia usiku ahadi za dola 1,200 zilikuwa zimetimia. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu akaweka pingamizi mpaka saa sita ya usiku ikagonga. Ikawa Jumapili, na Jumapili haifanywi biashara.

Tarehe 2 Juni kamishna Edward Loring alitoa uamuzi: arudishwe. Burns akatolewa mahakamani katikati ya askari wenye silaha, na mzinga ukikokotwa nyuma yao, akateremshwa Mtaa wa State mpaka gatini. Watu wapatao 50,000 walijaa njiani. Madirishani wametundika vitambaa vyeusi, bendera zimepinduliwa, na juu ya mtaa limening'inizwa jeneza lililoandikwa "Uhuru". Watu wakazomea, wakalia, wakapiga kelele za "Aibu!"

Watu 50,000, na Burns akapandishwa melini.

Tajiri mmoja wa mji ule, Amos Lawrence, aliandika kwamba yeye na wenzake walilala wakiwa wahafidhina wa kale wenye kupenda maridhiano, wakaamka wapinga utumwa wenye wazimu. Wiki ileile bunge mjini Washington lilikuwa limepitisha sheria ya Kansas na Nebraska, iliyofungua mlango wa utumwa katika ardhi iliyoahidiwa kuwa huru. Hasira mbili zikakutana. Nilipofika hapo nikasema moyoni, basi mzee wa Massachusetts ana haki yake, watu wake walikuwa upande wa uhuru.

Ila sentensi ya Lawrence ilinirudia. Kama waliamka mwaka 1854, walikuwa wamelala tangu lini?

Kamba

Oktoba 1835, miaka 19 kabla ya Burns, katika mitaa hiyohiyo, umati mwingine wa Boston ulimkamata William Lloyd Garrison, mhariri wa gazeti la kupinga utumwa. Akafungwa kamba, akaburutwa njiani nguo zikichanika, na meya hakuona njia ya kumwokoa isipokuwa kumlaza jela usiku ule. Mwenyewe Garrison na wenzake waliueleza umati ule kuwa wa waungwana wenye mali na heshima zao. Hawakuwa walevi wa gatini.

Miaka hiyo ilikuwa hivyo kote Kaskazini mwa Marekani, kwenye majimbo huru. Alton, Illinois, jimbo huru, mwaka 1837, mhariri Elijah Lovejoy alipigwa risasi akilinda mtambo wake wa kuchapia. Philadelphia, Mei 1838, ukumbi mpya wa wapinga utumwa ulichomwa moto siku chache tu baada ya kufunguliwa.

Lakini tukio lililonikaa zaidi ni dogo kuliko hayo. Canaan, mji wa wakulima New Hampshire, ulikuwa na shule iliyothubutu kuwasomesha vijana weusi pamoja na weupe. Mwaka 1835 wananchi waliitisha mkutano wa mji, wakajadili, wakapiga kura. Kisha wakaleta ng'ombe wa kukokota, makumi ya jozi, wakalifunga jengo la shule kwa minyororo na kuling'oa kwenye msingi wake. Mmoja wa wanafunzi alikuwa Henry Highland Garnet, kijana mwenye mguu mbovu, mtoto wa watu waliotoroka utumwa, aliyesafiri mamia ya maili kufuata darasa lile.

Nawafikiria wale wakulima. Walikuwa wakienda kanisani. Ungewauliza kuhusu utumwa, naamini wengi wangesema ni dhambi ya watu wa Kusini. Mtu mweusi aliye mbali, mwenye pingu, alistahili huruma. Yule aliye karibu, mwenye kitabu mkononi, aliitiwa ng'ombe.

Pamba ikishavunwa

Waungwana wa kamba ya 1835 walikuwa wafanyabiashara, na biashara yao ilikuwa pamba. Charles Sumner, mtu wao wenyewe wa Massachusetts, alisema waziwazi mwaka 1848 kwamba kuna muungano kati ya mabwana wa mjeledi na mabwana wa kitanda cha mfumi. Viwanda vya Lowell, mji wa Massachusetts, vilifuma pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Baadhi ya nguo hizo, zile nzito na duni kabisa, ziliuzwa kwa wenye mashamba ili wawavike watumwa walewale. Wasichana waliokuwa wakisimamia mitambo, baadhi yao walitia saini maombi ya kukomesha utumwa. Kisha asubuhi kengele ikilia wanarudi kwenye pamba. Sijui ningewataka wafanye nini.

Hapa ndipo habari ilipovuka bahari ikanijia nyumbani.

Bibi yangu alikuwa akishona vifuko vya magodoro ya usufi kwa kitambaa cha merekani. Naikumbuka vizuri: nzito, rangi yake si nyeupe na si kahawia, na ndani ya uzi kulibaki chembe nyeusi za maganda ya mbegu za pamba. Sisi watoto tulikuwa tukizidokoa kwa kucha mpaka tunafukuzwa. Ile ya bibi haikutoka Marekani tena, jina tu ndilo lililobaki. Lakini ile ya zamani, ya siku za Sultani Sayyid Said, ilitoka Massachusetts hasa.

Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini Muscat mwaka 1833. Mwaka 1837 akaja Unguja konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mwana wa Salem, mji wa bandari karibu na Boston. Meli za Salem zilileta merekani na kuondoka na sandarusi, karafuu na pembe za ndovu. Watumwa wa mashamba yetu ya karafuu walivaa merekani. Wanawake waliivaa ikiwa imetiwa nili, ikawa kaniki.

Hebu ifuate safari hiyo. Mtumwa wa Kusini mwa Marekani anachuma pamba, mtu huru wa Kaskazini anaifuma, nahodha huru wa Salem anaileta Forodhani, na mtumwa wa Unguja anaivaa akipanda mkarafuu. Waters alikuwa mcha Mungu, na utumwa ulimsikitisha kwa dhati. Biashara yake haikusimama.

Tena kuna mji wa Deep River, Connecticut, ambako pembe zilikatwa vipande vya kuvika vibonyezo vya piano. George Read, mmoja wa matajiri wa biashara hiyo, shemasi wa kanisa, alimpa hifadhi mtumwa mtoro, akamsaidia kuishi pale kwa jina jipya. Ulikuwa wema wa kweli, wa kuhatarisha mali na heshima. Na pembe zilizomtajirisha mtu kama yeye zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, wengi wakiwa watu wa ujira, hasa Wanyamwezi, lakini watumwa nao walikuwemo. Read hakuwahi kuwaona. Sina hakika kama hilo linampunguzia.

Kura mbili

Novemba 1857 wananchi wa Oregon walipigia kura katiba yao ili waingie katika muungano wa Marekani kama jimbo. Pamoja na katiba waliulizwa maswali mawili zaidi. La kwanza, mnataka utumwa? Waliosema ndiyo 2,645, waliosema hapana 7,727. La pili, mnataka kuwazuia watu weusi huru wasiingie kuishi Oregon? Waliotaka kuwazuia 8,640, waliokataa 1,081.

Siku ileile, wapiga kura walewale.

Maelfu walisimama mbele ya karani na kutamka mambo yote mawili kwa pumzi moja, na hawakuona mgongano wowote. Hoja iliyowavuta wengi ilishachapishwa miezi michache kabla na Jaji George Williams, katika barua ndefu ya kupinga utumwa. Alizungumza faida na hasara: utumwa haulipi katika nchi ile, na kazi ya mtumwa inaishusha kazi ya mkulima mweupe. Aliyeusoma waraka ule angeweza kuupinga utumwa kwa moyo wote bila kumfikiria mtumwa hata dakika moja. Oregon ikaingia katika muungano mwaka 1859 ikiwa jimbo huru, na kifungu chake cha kuwakataza watu weusi kikabaki katika katiba mpaka 1926.

Tangu nizione kura zile siwezi tena kusikia "upande wa uhuru" nisiulize uhuru wa nani. Nilikuwa nikidhani maoni ya watu wa Kaskazini yaligawanyika kati ya watu na watu: huyu anapinga, yule anaunga mkono, wengine hawajali. Kumbe mgawanyiko mkubwa ulipita ndani ya mtu mmoja mmoja. Aliuchukia utumwa. Aliipenda nguo ya bei rahisi. Alimwogopa jirani mweusi. Aliuheshimu muungano wa nchi yake. Yote hayo yalikaa pamoja kwa utulivu, mpaka siku askari walipopita na mtu mlangoni pake.

Maalim

Nilimsimulia haya mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyenifundisha historia nikiwa skuli. Tulikuwa barazani baada ya alasiri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "ukizama, utamuuliza anayekuvuta kwa nini alikuja baharini?"

"Lakini Maalim, Burns hawakumvuta. Walisimama wakalia tu."

"Na baada yake?"

Nikalazimika kukiri kwamba baada yake mambo yalibadilika. Mwaka 1855 Massachusetts ilipitisha sheria kali ya kuwalinda watoro. Mwaka huohuo ikapiga marufuku kuwatenga watoto weusi katika shule za umma, jambo ambalo mahakama yake kuu ilikuwa imekataa kulifanya mwaka 1850. Loring akaondolewa ujaji wake wa jimbo mwaka 1858. Na baada ya Burns hakuna mtoro mwingine aliyerudishwa utumwani kutoka Massachusetts.

"Basi," akasema Maalim. "Hasira yao ilikuwa ya mtaa wao, sawa. Imefanya kazi." Akanyamaza kidogo. "Na sisi je? Soko lilifungwa 1873. Utumwa wenyewe tuliendelea nao kisheria mpaka 1897, na masuria mpaka 1909. Babu zako walikuwa upande gani?"

Sikumjibu, kwa sababu babu zangu walikuwa pande zote mbili, kama ilivyo kwa nyumba nyingi hapa, na upande mmoja nyumbani hautajwi.

Nilikaa na hoja yake kwa siku nyingi. Nakubaliana naye kwamba nia safi si sharti la tendo jema. Sikubaliani naye pale tendo linapogeuzwa kuwa sifa ya jimbo zima, kwa sababu sifa hiyo inawafunika watu waliolifanya kwanza.

Waliokuwa macho

Watu weusi wa Kaskazini hawakuhitaji kuamshwa na gwaride la askari. Leonard Grimes alizaliwa huru Virginia, akafungwa gerezani Richmond kwa kuwatorosha watumwa, akatoka, akahamia Boston, akaanza upya. Ilipopita sheria ya 1850, waumini wake wengi walikimbilia Kanada kwa hofu, naye akabaki kuliendeleza kanisa. Baada ya Burns kurudishwa na kuuzwa tena, Grimes hakuchoka. Mapema mwaka 1855 alisafiri mpaka Baltimore na pesa za mchango, akamnunua kwa dola 1,300, akarudi naye Boston akiwa huru.

Salem, mji uleule wa merekani, alikuwepo msichana mweusi wa miaka 16, Charlotte Forten, mtoto wa ukoo huru wa Philadelphia. Alipelekwa huko asome, maana shule za Salem zilikuwa zinawapokea watoto weusi pamoja na weupe. Alianza kuandika shajara tarehe 24 Mei 1854, siku aliyokamatwa Burns, na kesho yake habari ile imo. Mwaka uliofuata aliandika jambo ambalo kwangu linaueleza mgawanyiko wa majimbo huru kuliko hotuba zote: wapo wasichana waliokuwa wema kwake darasani, wakacheka naye, wakasoma naye, na kesho yake wakikutana naye barabarani wanaogopa kumtambua.

Binti mwingine wa Salem, Sarah Parker Remond, alitolewa kwa nguvu katika ukumbi wa maonyesho Boston mwaka 1853 kwa kukataa kuketi sehemu ya watu weusi. Akashtaki, akashinda, akalipwa dola 500. Mwaka 1859 alikuwa Manchester, Uingereza, akiwaambia watu wa mji wa viwanda kwamba katika mamilioni yote ya fedha za pamba, hakuna hata senti moja iliyowafikia waliolima.

Hao ndio waliokuwa upande wa uhuru, mchana na usiku, bila mapumziko, na majimbo yao yaliwalipa kwa kuwabagua. Kote Kaskazini, nje ya majimbo matano ya New England, mwanamume mweusi alinyimwa kura kabisa, au, kama New York, aliwekewa sharti la mali ya dola 250 ambalo mweupe hakuwekewa.

Indianapolis

Mengi yaliyoandikwa kuhusu Burns yanakomea gatini, na meli ikiondoka. Mimi nilitaka kujua alivyoishi.

Kanisa lake la zamani Virginia lilimfukuza ushirika kwa kosa la kutoroka. Aliwajibu kwa barua, akiwaambia kwamba aliyeibwa ni yeye. Akaingia Chuo cha Oberlin, Ohio, akasomea uchungaji. Mwaka 1860 alikabidhiwa kanisa la Wabaptisti weusi Indianapolis.

Indiana lilikuwa jimbo huru. Katiba yake ya 1851 ilikuwa na ibara ya 13, iliyosema hakuna mtu mweusi atakayeruhusiwa kuingia au kukaa katika jimbo hilo, na atakayemwajiri atatozwa faini. Ibara hiyo ilipelekwa kwa wananchi ikapata kura zaidi ya 113,000 dhidi ya zisizofika 22,000. Burns aliyeliliwa na watu 50,000 Boston, mwenye karatasi za uhuru na elimu ya chuo, alitishiwa sheria hiyo: faini, au gereza.

Akafungasha tena. Safari hii hakutafuta jimbo jingine. Alivuka mpaka kwenda St. Catharines, Kanada, akachunga kanisa la watoro wenzake, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1862.